Ukienda Kuvua Ufuoni, Beba Chupa ya Maji Moto

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba inapofika, jamaa nyingi kutoka bara huteremka Pwani kwa basi, kwa gari moshi la SGR au kwa gari la nyumbani. Siku mbili za kwanza huwa ni za kuogelea na kupigwa picha. Siku ya tatu, baba au kijana wa nyumba hiyo huona watu wamesimama juu ya miamba wakirusha mishipi, naye hutamani. Hununua mshipi, ndoano kadhaa, chubwi na chambo cha ngisi au kamba, kisha huteremka majini.

Sina neno juu ya mchezo huu. Ni wa bei nafuu, hutuliza akili, na mimi mwenyewe huvua nikipata nafasi. Lakini katika kazi yangu nimewatibu wageni wengi walioanza likizo kwa furaha na kuimalizia kitandani, na wengi wao waliumizwa zaidi na huduma ya kwanza waliyopewa kuliko na samaki mwenyewe. Hilo ndilo somo letu la wiki hii.

MGUU WA MGENI

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa nimtazame bwana mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa bara, aliyekuja kupumzika na mkewe na wanawe. Maji yalikuwa yamekupwa, naye alikuwa akitembea pekupeku kuelekea mwambani, mshipi mkononi. Maji yalimfika magotini. Ghafla alikanyaga kitu akahisi maumivu makali yaliyopanda mpaka kwenye paja. Alipiga ukelele, akabebwa mpaka mchangani.

Watu wenye nia njema walikusanyika. Mmoja alimfunga muundi kwa uzi wa mshipi, ukakazwa mpaka ukazama nyamani, ili eti sumu isipande. Wa pili alimchanja kwa wembe ili damu mbaya itoke. Wa tatu alimwagia mafuta ya taa. Kisha alipelekwa nyumba waliyokodi akapewa vidonge vya maumivu. Uzi ule haukufunguliwa mpaka usiku, mkewe alipoona vidole vimekuwa baridi na vimebadilika rangi.

Jambo moja bwana huyo hakumwambia mtu yeyote pale ufuoni: alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Jeraha la wembe liliingia vijidudu, na mguu ambao damu yake ilikuwa imezuiwa kwa saa nyingi haukuwa na nguvu ya kupigana navyo. Alilazwa hospitalini majuma matatu, na akarudi nyumbani bila vidole viwili.

Mkewe aliniuliza ni samaki gani aliyemfanyia mumewe hivyo. Nilimwambia ukweli: samaki yule angempa usiku mmoja wa maumivu makali. Vidole vilichukuliwa na uzi na wembe. Na dawa aliyohitaji saa ile ya kwanza ilikuwa jikoni mwa nyumba ile ile waliyokodi, nayo ni maji moto.

SUMU YA MWIBA NI NINI?

Samaki wengi wa bahari yetu wana miiba yenye sumu. Hawaitumii kuwinda. Huitumia kujikinga, ndiyo maana mtu huchomwa anapowakanyaga au kuwashika. Yuko taa, ambaye wengine humwita nyenga, aliye bapa na mwenye mwiba wa msumeno mkiani. Yuko yule samaki anayefanana kabisa na jiwe lililoota kuvu, anayelala kimya kati ya matumbawe akiwa na miiba kumi na mitatu mgongoni; huyu ndiye mwenye sumu kali kuliko wote wenye miiba. Yuko chale, mwenye mistari na mapezi marefu kama manyoya. Yuko hongwe, yule kambare wa baharini mwenye ndevu. Hata tafi, ambaye ni kitoweo kizuri, miiba yake huwasha vibaya.

Sumu zao hutofautiana kwa ukali, lakini zina jambo moja linalotufaa: sehemu kubwa yake ni protini, na protini nyingi huharibika zikipata joto. Umeona jinsi ute wa yai unavyobadilika unapowekwa motoni. Ndiyo sababu mguu uliochomwa ukiingizwa katika maji ya moto, maumivu hupungua, mara nyingi katika muda wa dakika chache tu.

NAMNA YA KUTUMIA MAJI MOTO

Fuata hatua hizi, na uwafundishe jamaa zako kabla ya kwenda ufuoni.

Kwanza, mtoe mgonjwa majini. Wapo waliozama kwa sababu ya maumivu na hofu, si kwa sababu ya sumu. Mkalishe chini na umtulize.

Pili, osha jeraha kwa maji safi. Kama kipande cha mwiba kinaonekana na kimekaa juu juu, kitoe kwa kibano. Kikiwa kimezama, kiache. Kama damu inatoka kwa wingi, bonyeza kwa kitambaa safi.

Tatu, tia sehemu iliyochomwa katika maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili bila kuungua, yaani yapata digrii 45 za selisiasi, si zaidi. Usimwachie mgonjwa ayapime kwa mguu ulioumia, kwa kuwa maumivu yamempotezea kipimo. Yapime wewe kwa mkono wako, naye ayapime kwa mguu mzima. Mwenye kisukari asiyapime kabisa, maana huenda miguu yake imekufa ganzi. Mtu mwingine ampimie. Maji yaliyotoka kuchemka hayafai. Nimewahi kutibu mguu uliobabuka kwa maji kuliko ulivyoumizwa na mwiba.

Nne, uache mguu humo kwa muda wa dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji moto kila yanapopoa. Unapoongeza, mwambie autoe mguu kwanza. Maumivu yakirudi, rudia.

Tano, usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usimwage mafuta ya taa, petroli wala mkojo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopunguza sumu ya samaki, na kila kimoja kina madhara yake.

Sasa unaona kwa nini nasema ubebe chupa ya maji moto, yaani themosi. Ufuoni hakuna jiko, na kutoka mwambani hadi hotelini huenda ikawa nusu saa. Ukiwa na themosi na ndoo ndogo, unachanganya maji yako papo hapo. Na kama siku ikipita salama, maji hayo yatapika chai.

MIGUU YAKO

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga huanzia miguuni. Usiingie majini pekupeku. Malapa hayatoshi, kwani huchomoka kwa urahisi na soli yake nyembamba hupenywa na miiba. Vaa viatu vya zamani vya raba vyenye soli nene, ufunge kamba vizuri. Viatu hivyo pia vitakukinga na wale wadudu weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, ambao hujaa katika mashimo ya mwamba.

Penye mchanga, usiinue miguu kama unayepanda ngazi. Iburute polepole. Taa hujifukia mchangani akabakiza macho tu, naye akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe. Ukimkanyaga juu ya mgongo, mkia unapinda na mwiba unakuingia kwenye kifundo cha mguu.

Usiokote kila konokono mzuri unayemwona. Wako wenye gamba la umbo la pia, lenye michoro ya kupendeza, ambao wana mshale mdogo wenye sumu inayoweza kulemaza misuli ya kupumua. Wafundishe watoto kutazama bila kushika. Aliyechomwa na konokono huyo asisubiri kuona kama maumivu yatapungua. Apelekwe hospitalini mara moja.

Jambo jingine linalohusu miguu ni maji yenyewe. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kupwa na kujaa ni muda wa saa sita na kidogo. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Mgeni hutembea mpaka ukingo wa mwamba maji yakiwa yamekupwa, akavua akitazama bahari kuu, asijue kuwa nyuma yake, kati ya mwamba na ufuo, maji yameanza kujaa. Anapogeuka, njia aliyopita kwa miguu imekuwa ya kuogelea, na mkondo una nguvu. Waulize wavuvi wa hapo saa za maji kila siku, kwani saa hizo husogea kwa takriban dakika 50 kila kunapokucha. Maji yakianza kugeuka, na wewe geuka.

Waulize pia kama mahali hapo panaruhusiwa kuvua. Katika hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka wa 1968, na zile za Mombasa na Kisite, kuvua ni marufuku.

MIKONO YAKO

Wavuvi wa ufuoni huchomwa mikono zaidi wanapomtoa samaki kwenye ndoano. Kanuni ni moja: samaki usiyemjua usimshike kwa mkono mtupu. Mbane kwa kitambaa kinene au kwa koleo, na kama umbo lake linakutia shaka, kata uzi umwachie ndoano. Ndoano ni rahisi kuliko kidole. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na huisimamisha hata akiwa mchangani. Samaki aliyekufa naye bado anaweza kuchoma.

Ndoano nayo ina hatari yake. Kinacholeta taabu ni kile kijino kinachotazama nyuma. Kabla ya kuanza kuvua, kilaze kijino hicho kwa koleo mpaka kiwe laini. Huenda utapoteza samaki mmoja au wawili, lakini ndoano hiyo ikimwingia mwanao mkononi, itatoka kwa urahisi kama ilivyoingia. Na kabla ya kurusha mshipi, tazama nyuma yako.

Ndoano ya kijino ikizama katika nyama ya mkono au mguu, kata uzi kwanza. Kisha pitisha uzi mwingine imara, uliokunjwa mara mbili, pale ndoano inapopinda. Kwa kidole cha mkono mwingine, gandamiza mpini wa ndoano chini kuelekea ngozini, ili kijino kijiachie. Halafu vuta ule uzi kwa ghafla, sambamba na ngozi, kuelekea upande ulio kinyume na ncha ya ndoano. Watazamaji wasisimame upande huo. Kama huna uhakika, au ndoano ina makucha matatu, ifunike kwa kitambaa safi umpeleke mgonjwa kwa daktari, ambaye ataitoa kwa sindano ya ganzi. Ndoano iliyoingia jichoni au karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo cha kidole isiguswe na mtu yeyote asiye mganga.

Baada ya jeraha lolote la baharini, liwe la mwiba, la ndoano au la tumbawe, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usilishone wala kulifunga kwa bendeji ya kubana. Kama imepita miaka 5 tangu upigwe sindano ya pepopunda, au hukumbuki lini, nenda ukapigwe. Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa ini na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua wamwone daktari siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, kwani kuna vijidudu vya maji ya chumvi vinavyoweza kuwaangusha kwa muda mfupi sana.

MDOMO WAKO

Mpaka hapa nimekusifia moto. Sasa nikuonye: moto unaoharibu sumu ya mwiba hauharibu sumu iliyo ndani ya nyama.

Yuko samaki aitwaye bunju, ambaye akishikwa hujaza tumbo likawa kama mpira. Watoto wa wageni humpenda sana. Ini lake, mayai yake, ngozi yake, na kwa baadhi ya aina hata nyama yake, vina sumu iitwayo tetrodotoksini. Hiyo si protini. Uichemshe, uikaange, uikaushe, itabaki vile vile. Huko Japani wapishi wanaomtayarisha bunju hupewa leseni maalum baada ya mafunzo, na bado wapo watu waliokufa kwa kumpika wenyewe nyumbani. Wenyeji wa pwani yetu wanamjua na humtupa. Wewe pia mrudishe majini.

Aliyekula bunju huanza kuhisi midomo na ulimi vinakufa ganzi, mara nyingi katika muda usiofika saa moja. Kisha hutapika, huishiwa nguvu, na misuli ya kupumua hulegea. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Kinachookoa ni kumsaidia kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe. Kwa hiyo mkimbize hospitalini ganzi inapoanza, na akiacha kupumua mpulizie pumzi mdomoni bila kukata tamaa. Huenda hawezi hata kufumbua macho, lakini akili yake iko macho na anasikia kila mnalosema.

Hata samaki mzuri anaweza kukudhuru ukimwacha juani. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Nayo haiondoki kwa kupika. Mlaji huwa mwekundu au huhisi joto usoni, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio na mwili humwasha, muda mfupi baada ya chakula. Wengi hupona kwa dawa ya mzio, lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aonwe na daktari haraka. Kinga ni barafu: samaki atolewe matumbo na atiwe barafuni mara tu anapotoka majini. Aliyeshinda ndani ya mfuko wa plastiki tangu asubuhi mpaka jioni, usimle.

JUA NALO

Upepo wa baharini humdanganya mvuvi asihisi joto. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri jua ni kali, na maji hulirudisha usoni mara ya pili. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu, na unywe maji kabla ya kiu kukushika. Dafu ni zuri. Pombe haifai, kwa kuwa hukausha mwili na hulegeza miguu juu ya mwamba wenye utelezi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kutapika, mweke kivulini, umloweshe maji na umpepee. Akianza kuweweseka au kuzirai, hiyo ni dharura.

USINGOJE KESHO

Mpeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: anapumua kwa shida, uso au ulimi umevimba, amezirai, kifua kinamuuma, au maumivu hayajapungua baada ya dakika 90 za maji moto. Aliyekanyaga yule samaki wa jiwe aende hata akijisikia nafuu. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wa moyo wasisubiri nyumbani. Na hata baada ya siku mbili au tatu, jeraha likizidi kuvimba, likiwa na joto, likitoa usaha au likileta homa, rudi kwa daktari. Huenda kipande cha mwiba kimebaki ndani.

Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe kamwe, kwani huenda ndio unaozuia damu. Steve Irwin wa Australia, aliyejulikana ulimwenguni kwa vipindi vyake vya wanyama, alifariki Septemba 4, 2006 baada ya kuchomwa kifuani na taa. Ajali kama hiyo ni nadra, lakini inatukumbusha kutomwinamia samaki huyu wala kuogelea juu yake.

Bwana yule wa vidole viwili bado huja Pwani na jamaa yake. Siku hizi huvaa viatu vya raba, na mkewe ndiye anayebeba themosi. Mwaka juzi kijana wao alichomwa na tafi akimtoa kwenye ndoano. Mama alichanganya maji, akayapima kwa mkono wake, na kabla saa moja haijapita kijana alikuwa amerudi mwambani. Walinipigia simu kuniarifu tu, si kuniita.